Kaka Amekuwa Diwani, Sasa Anagawa Dawa kwa Simu

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mfamasia, mwanamke wa miaka 31, na ninafanya kazi katika famasi ya kaka yangu iliyopo kata moja ya pembezoni mwa Temeke, upande wa barabara ya Kilwa. Kaka, ambaye naye ni mfamasia kwa taaluma, aliifungua wakati eneo letu lilikuwa bado mji mdogo wa mikorosho na nyumba za hapa na pale, na aliyeugua usiku hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa kwenda kugonga dirisha lake. Alianza na chumba kimoja cha kupanga, na kwa miaka mingi alikuwa akimjua kwa jina karibu kila mtu wa mtaa ule anayetumia dawa za presha au za kisukari. Watu walimwita daktari, naye hakuchoka kuwasahihisha. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyenisomesha hadi nikahitimu, na niliposajiliwa akanipokea dukani kwake.

Katika uchaguzi uliopita aligombea udiwani akashinda, na sidhani kama kuna mtu katika kata yetu aliyeshangaa. Kwa kuwa hawezi tena kushinda dukani, tulikubaliana niwe mfamasia msimamizi. Jina langu likaandikwa kwenye kibali, na cheti changu kikatundikwa ukutani mahali palipokuwa na chake.

Tangu hapo watu huja bila cheti cha daktari na kuniambia kwamba Mheshimiwa amesema wapewe dawa fulani. Hivi karibuni alikuja kijana mmoja, akanyoosha mkono dirishani na kunipa simu yake akisema, "Ongea na Mheshimiwa." Kaka akaniambia, "Huyo ni mtu wetu, mpe azithromycin na zile za maumivu, mimi nitakuja kuandika mwenyewe jioni." Azithromycin ni antibayotiki, na zile za maumivu alizozikusudia ni tramadol. Nilimpa kijana paracetamol na kumwelekeza aende zahanati akapimwe kwanza. Kesho yake kaka alinigombeza mbele ya binti anayenisaidia, akisema nimemwaibisha kwa mtu aliyezunguka naye kata nzima kutafuta kura.

Fedha nazo zinakwenda. Wakati wa kampeni alitangaza kwamba wote walioandikwa katika daftari la madeni wamesamehewa, na watu wakashangilia. Sasa kila jioni anapitia dukani kuchukua mauzo kwa ajili ya michango ya misiba, harusi, timu za vijana na ukarabati wa misikiti na makanisa. Wauzaji wa jumla wa Kariakoo waliokuwa wakitupa mzigo kwa mali kauli wameanza kudai fedha taslimu, na rafu zangu zina mapengo.

Linaloniumiza zaidi ni zahanati ya kata, ambayo iko umbali mfupi kutoka kwetu. Dawa zinapokwisha pale, wagonjwa huandikiwa karatasi na kuambiwa wakanunue nje, na duka la karibu ni letu. Nimesikia kwa masikio yangu akina mama wakisema kwenye foleni kwamba diwani hawezi kuhangaikia dawa za zahanati kwa sababu zikijaa kule yeye atauza nini. Najua si kweli, lakini sikuwa na la kuwajibu, na juzi kaka mwenyewe amesema anafikiria duka letu liombe kuiuzia zahanati dawa zinazopungua.

Nimemweleza mama. Amenijibu kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba mimi niliyesomeshwa kwa fedha za droo ya duka lile siwezi leo kujifanya mhasibu wake. Shangazi, je, nishushe cheti changu ukutani niondoke? Na nikiondoka, sitakuwa nimemlipa kaka ubaya kwa wema?

Mdogo Mtu, Temeke

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na cheti, kwa sababu katika yote uliyoyataja ndicho kitu pekee ambacho ni chako peke yako. Duka, rafu, droo na hata jina zuri mtaani ni vya kaka yako, na ana haki ya kuvitumia hata kwa namna usiyoipenda. Lakini Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, inayolipa Baraza la Famasi mamlaka ya kusajili wafamasia na kuwachukulia hatua za nidhamu, haimjui diwani anayepiga simu. Inamjua mfamasia ambaye jina lake liko kwenye kibali. Akija mkaguzi na kukuta azithromycin imetoka bila cheti cha daktari, hatahangaika kutafuta ni nani aliyeiagiza, na wewe ukimtaja kaka yako utakuwa umekiri tu kwamba ulipokea maagizo kutoka kwa mtu asiyestahili kuyatoa.

Kuna maneno mafupi katika barua yako ambayo umeyapitia haraka, nami nataka urudi kwayo. Kaka alisema, "nitakuja kuandika mwenyewe jioni." Aandike nini? Yeye ni mfamasia. Hana mamlaka ya kumwandikia mgonjwa dawa za namna hiyo, sembuse mgonjwa ambaye hakumwona, na karatasi inayoandikwa baada ya dawa kutoka ili kumbukumbu zionekane safi ni karatasi ya kughushi. Katika miaka yote aliyokaa nyuma ya kaunta, nina hakika kaka yako alikuwa akiwafukuza watu waliomletea vijikaratasi vya aina hiyo. Usimwonee haya kumkumbusha, kwa sababu anayajua haya kabla hujayajua wewe.

Nawe ulifanya sawasawa kwa yule kijana. Antibayotiki inayomezwa kwa kubahatisha, bila kujulikana kama kinachomsumbua mtu ni bakteria au ni virusi, ndiyo inayolea usugu wa vimelea, na kesho dawa ileile inamgomea mtoto mwenye nimonia. Tramadol ina hatari yake nyingine, ya kumfanya mtumiaji ashindwe kuiacha, na mtaa wa vijana wasio na kazi si mahali pa kuigawa kwa hisani. Isipokuwa siku nyingine usiipokee simu ya mteja. Mtu akikunyooshea simu dirishani, mwambie kwa upole kwamba utampigia Mheshimiwa mwenyewe baadaye, kisha mhudumie kama unavyomhudumia mteja mwingine yeyote. Ubishani wenu ukisikika na mtu wa tatu, kaka analazimika kushinda ili asidhalilike, na hapo ndipo alipokasirikia hata jambo ambalo moyoni huenda alikubaliana nawe.

Akitaka kuwasaidia watu wake, ipo njia halali. Mwenye cheti sahihi cha daktari anaweza kupunguziwa bei, au kulipiwa kabisa, kwa fedha ya kaka mwenyewe inayoandikwa kwamba imetoka kwake. Hiyo ni huruma ya mwenye mali. Wewe kama mfamasia hupotezi chochote, na yule mzee wa presha hatakosa vidonge vyake vya mwezi.

Nikutajie mtu mmoja ambaye habari zake zinafanana na za kwenu. Hubert Humphrey, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 1965 hadi 1969, alikuwa mfamasia aliyesajiliwa. Baba yake alikuwa na duka la dawa katika mji mdogo wa Doland, jimboni South Dakota, kisha akalihamishia Huron katika jimbo hilohilo, na baba huyo mwenyewe aliingia katika siasa za mji na za bunge la jimbo. Kijana alifanya kazi katika duka hilo miaka ya 1930 kabla hajaenda zake, akawa meya wa Minneapolis mwaka 1945, kisha seneta. Mwaka 1951, akiwa Seneti, yeye na mbunge Carl Durham, ambaye naye alikuwa mfamasia, walidhamini sheria ambayo hadi leo inabeba majina yao. Sheria hiyo ndiyo iliyochora kwa uwazi, katika nchi yao, mstari kati ya dawa zinazotolewa kwa maagizo ya daktari pekee na zile ambazo mtu anaweza kujinunulia. Wafamasia wawili wakapata madaraka, na walichokifanya kilikuwa kuuimarisha ule mstari ambao kaka yako anakutaka uuruke kwa sababu ya kijana mmoja wa kampeni. Simulizi hii unaweza kumpelekea yeye mwenyewe. Wanasiasa hupenda kulinganishwa na wakubwa.

Sasa zahanati, maana hapa ndipo ninapoona udiwani wa kaka yako unaweza kuokoka au kuzama.

Wazo la duka lenu kuiuzia zahanati life leo. Zahanati ya umma huagiza dawa Bohari ya Dawa. Zile zinazokosekana huko hununuliwa kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa, chini ya utaratibu wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018. Utaratibu huo uliwekwa kwa sababu hii hasa, kwamba ununuzi wa duka kwa duka ulikuwa ukileta bei za ajabu na kujuana. Duka lenye kibali cha rejareja halina nafasi humo. Hata kama nafasi ingepatikana, diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, na halmashauri anayoketi ndiyo inayoisimamia zahanati ile. Kila kopo la dawa litakalotoka kwenu kwenda kule litathibitisha maneno ya akina mama wa foleni, na safari hii watakuwa wamesema kweli.

Lakini kukataa biashara hiyo hakutoshi, kwa kuwa mnung'uniko ulianza kabla ya wazo hilo kuzaliwa. Hao akina mama hawakukosea kuuliza. Wameona duka la diwani lina dawa na zahanati ya diwani haina kitu, wakajumlisha. Jibu lao haliwezi kutoka mdomoni mwako dirishani. Litoke kwenye rafu za zahanati.

Na kwa bahati, kaka yako ana elimu ambayo pengine hakuna mwingine katika baraza lile la madiwani aliye nayo. Taarifa ikisomwa kwamba hali ya upatikanaji wa dawa ni nzuri kwa asilimia kadhaa, wengine watagonga meza. Yeye anajua kuuliza ni dawa zipi zilizohesabiwa, zilihesabiwa siku gani, na kama ile ya mseto ya malaria na ile ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua zilikuwemo. Anaweza kuifungua leja ya dawa ya zahanati na kuona kwa macho yake kama dawa iliisha kwa sababu Bohari haikuwa nayo, au maombi yalipelekwa kwa kuchelewa, au aliyekadiria matumizi alinakili takwimu za robo mwaka iliyopita bila kuangalia kwamba mvua zimenyesha na malaria imepanda. Haya ni mambo matatu tofauti yenye dawa tatu tofauti, na asiye wa fani huyaona kuwa jambo moja tu, "dawa hakuna." Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo hupokea sehemu ya fedha moja kwa moja katika akaunti zao, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Kaka aanze na kamati hiyo. Awafundishe kusoma leja, Jumamosi moja tu, kisha awaache waulize maswali wao wenyewe bila yeye kuwa mezani.

Katika vikao vya halmashauri, jambo linalohusu ununuzi wa dawa au udhibiti wa maduka ya dawa likifika, atamke wazi kwamba ana duka na asishiriki katika uamuzi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamhusu diwani kama inavyomhusu mbunge, na tamko la mali na madeni linalopelekwa kila mwaka kwa Sekretarieti ya Maadili linapaswa kuitaja famasi hiyo. Nasema haya kwa sauti ya kawaida, si ya kutisha. Zamani, chini ya Azimio la Arusha la 1967, kiongozi hakuruhusiwa hata kuwa na hisa katika kampuni au kupokea mishahara miwili. Masharti hayo yalilegezwa na CCM katika kikao kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, na wapo wazee wanaoyalilia mpaka leo. Mimi si mmoja wao, kwa sababu nisingependa kuona watu wenye kazi zao wakizuiwa kuwakilisha mitaa yao, halafu siasa zikaachiwa wasio na kazi nyingine. Lakini aliyeruhusiwa kushika vyote viwili ana wajibu wa kuonyesha mikono yake mara kwa mara.

Kuhusu droo, mama amekosea kidogo. Hakuna aliyekuomba uwe mhasibu wa kaka. Unachokiomba ni kwamba duka ambalo unalisimamia liwe na dawa. Mwambie kaka apange kiasi kimoja cha kujitolea kila mwezi, akichukue siku moja, na kikiisha awaambie wanaoomba michango kwamba kimeisha. Diwani ana posho yake. Michango ya udiwani ianzie huko kabla haijafika kwenye mtaji wa Kariakoo. Mwonyeshe ankara za wauzaji wa jumla na orodha ya dawa zilizokosekana mwezi huu, wala usiongeze hotuba. Mfamasia mwenzako akiona insulini imekosekana kwenye jokofu lake mwenyewe, ataelewa haraka kuliko ukimweleza habari za heshima. Na hilo la kufuta madeni wakati wa kampeni sitalifumbia macho. Ipo Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, na hisani inayotangazwa jukwaani ina jina lingine mbele ya TAKUKURU. Limepita, lakini lisisubiri uchaguzi ujao.

Usiyaseme haya dukani, wala kwa simu, wala siku ambayo ametoka kwenye kikao. Mwombe mkutane nyumbani kwake asubuhi ya siku ya mapumziko, na mwite mtu mzima mmoja ambaye kaka anamsikiliza, mjomba au baba mdogo. Mama usimwite kuwa hakimu, kwa sababu ameshatoa hukumu. Anza kwa kumshukuru, na umshukuru kwa mambo yenye majina: ada, nauli, chumba alichokupa ulipokuwa chuoni. Kisha mwambie kwamba alikusomesha uwe mfamasia, na kwamba anachokuomba sasa kingekufanya uache kuwa mfamasia. Yatakayokubaliwa yaandikwe na yatiwe saini. Yanatosha machache: hakuna dawa ya cheti bila cheti, hakuna kuchukua mauzo ya siku, hakuna kuiuzia zahanati.

Umeuliza kama kuondoka ni kumlipa ubaya kwa wema. Si hivyo. Wema wa ada hulipwa kwa kumtunza mama, kwa kusomesha watoto wa ndugu, kwa kumsimamia kaka akiugua. Haulipwi kwa kumwazima sahihi yako. Hata hivyo sikushauri uondoke kabla ya mazungumzo hayo, na baada yake mpe muda, kama robo mwaka, wa kuonyesha kwamba amekubali kwa vitendo.

Simu zikiendelea kuja, basi ondoka, lakini usiondoke kwa kushusha cheti tu ukutani. Kukishusha hakuondoi jina lako kwenye kibali. Mwandikie kaka barua ya kujiuzulu usimamizi, lipe taarifa Baraza la Famasi kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kabla ya siku ya mwisho hesabu dawa zote zinazodhibitiwa, tramadol na diazepam zikiwemo, linganisha na rejista, kisha wewe na kaka mtie saini mbele ya shahidi. Mueleze pia kwamba kisheria duka halipaswi kuendelea kutoa dawa za moto, yaani zile za cheti cha daktari, hadi apatikane mfamasia mwingine wa kulisimamia, na umsaidie kumtafuta ikiwa atataka msaada wako.

Shangazi